Msimbati na hifadhi yake ya bahari: kabla hujaondoka mjini uliza maji

Wadau, kila ikikaribia sikukuu naulizwa swali lilelile, eti Msimbati ya huku kwetu Mtwara pakoje, panafaa kwenda na familia, gari ndogo inafika, kuna nini cha kufanya zaidi ya kupiga picha. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwahiyo naandika hapa kwa kirefu, anayetaka asome, mwenye haraka jibu ni hili: bahari ya kule naipa tano kwa tano, raha za mjini usizitegemee, na siku yako itakuwa nzuri au mbaya kutegemea kitu kimoja tu ambacho wengi hawakiulizi kabisa, maji yanajaa saa ngapi na yanatoka saa ngapi.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Watu wanasema "bichi ya Msimbati" kana kwamba ni bichi tu kama ile ya Shangani pale Mtwara mjini unayoenda jioni na mihogo yako ya kukaanga. Ile yote iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ilitangazwa mwaka 2000, ni ya pili nchini baada ya ile ya Mafia ya 1995, na ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu vikiwa pamoja. Ndani yake kuna vijiji, kuna watu wanavua, kuna mashamba ya minazi na korosho, kuna visiwa, kuna msitu wa mikoko kule Ruvuma inakomwaga maji yake, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Kwahiyo ukilipa kiingilio usinung'unike kwamba "bichi gani inalipiwa", hulipii mchanga, unalipia hifadhi. Malipo ni ya serikali, ya kontroo namba, dai risiti, na ukishaipata usiitupe maana unaweza kuulizwa mbele ya safari. Na kwa kuwa ni karibu na mpaka, kitambulisho usiache nyumbani. Nimeona watu wanageuka kuwa wakali kwa kuulizwa NIDA, sasa ndugu yangu uko mpakani unataka uulizwe nini?

Njia. Kutoka Mtwara mjini ni kilomita 40 na ushee, unaelekea upande wa kusini mashariki, unapita Madimba pale penye mitambo ya kuchakata gesi, ndo hiyo inayosafiri kwa bomba mpaka Dar tangu 2015. Gesi yenyewe ilionekana Mnazi Bay mwaka 1982, kwahiyo ukiona uzio na mabango ya tahadhari katikati ya minazi usishangae, usisogee pia kupiga picha, utajitafutia maneno bure. Kwa usafiri wa umma zipo gari zinazotoka mjini kwenda Msimbati, ila zinaondoka zikijaa na za kurudi mchana zinaanza kuadimika, asiyejua anakuja kustuka saa kumi jioni yuko na watoto na mabegi barabarani. Ulizia kwa konda kabisa asubuhi, gari ya mwisho ya kurudi inatoka saa ngapi, afu toa saa moja kwenye hilo jibu lake. Boda nao wapo, wanafika, ila mwambie kabisa ni kwenda na kurudi na atakusubiri, na bei mmalizane mkiwa mjini sio mkiwa kule.

Gari binafsi sasa. Gari ndogo inafika kijijini, mchanga mwingi unaanza ukishaingia minazini. Hapa nina la kusema. Kuna jamaa mmoja nilikodi kwake gari, simtaji, alituapia kwamba Noah yake ni "foo wili kabisa kaka, hata Masasi kipindi cha mvua inapanda". Tulipofika kwenye mchanga ile gari ilizama mpaka tairi za nyuma hazionekani, tukamwambia weka basi hiyo foo wili, akaanza kubonyeza bonyeza vitufe vya redio. Watoto wa kijiji walishajua, walitokea na makuti mikononi kabla hata hatujaita mtu, wakapanga makuti chini ya tairi, wakatoa upepo kidogo kwenye tairi zote nne, wakasukuma, gari ikatoka. Walivyofanya haraka nikajua hawajaanza na sisi. Kwahiyo ukikodi gari muulize mwenyewe mbele ya gari, washa uone, na pampu ya upepo iwepo kwenye buti maana ukishapunguza upepo kwa ajili ya mchanga utahitaji kuurudisha ukifika barabarani.

Na hapa ndo nitatofautiana na wengi. Msimbati imepewa sifa kwamba ni bichi ambayo unaweza kuendesha gari juu yake kilomita na kilomita. Ni kweli, maji yakishatoka mchanga wa chini unabaki mgumu umelowa na gari inakimbia vizuri tu, na video zake kila mtu ameziona. Ila mimi nikiulizwa nasema acha gari kwenye mivinje utembee. Kasa wanataga kwenye fukwe za hifadhi hii, kasa wa kijani na ng'amba, na hawatagi kwenye ule mchanga mgumu wa chini, wanapanda juu kule kwenye mchanga mkavu unakoanzia majani, wanachimba, wanafukia, wanarudi baharini na huoni kitu. Dereva akikwepa maji anapanda juu hukohuko. Mayai yanakaa chini karibu miezi miwili, tairi moja tu inatosha kuyamaliza. Kama ni lazima uendeshe, baki kwenye mchanga uliolowa, mwendo wa pole, na usijaribu kabisa maji yakiwa yameanza kujaa maana yanakuja kasi na yatakusukumia juu kwenye huo mchanga mkavu, hapo unaharibu viota na gari yenyewe inazama. Jamaa waliokuja na magari mawili wakishindana nilikaa nikawaangalia, sikusema kitu, mzee mmoja wa palepale ndo aliwafuata akawaambia "wajukuu zangu, hapa watu wanapita na watoto wanacheza". Walipunguza mwendo.

Haya tuje kwenye maji yenyewe, ndo sababu ya mimi kuandika.

Huku kwetu bahari inajaa na kutoka mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, yani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali sana halafu yanajaa sana, tofauti yake inapita mita tatu. Kwenye bamvua maji yanakuwa yametoka kabisa kama saa nne saa tano asubuhi, na yanajaa jioni mnamo saa kumi. Maji mafu, yani mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake, asubuhi hiyo saa nne ndo yamejaa na jioni yametoka, na hayaendi mbali. Sasa fikiria mtu ametoka mjini saa mbili asubuhi siku ya bamvua anataka kuogelea na watoto. Anafika anakuta bahari imeondoka, anaona majani ya bahari na matope na mawe, anaogelea wapi? Anarudi mjini anasema Msimbati hamna kitu. Mwenzake kaenda wiki inayofuata saa ileile kakuta maji mpaka mguuni kwa mivinje, meupe unaona kucha zako, anasema peponi. Wote wawili wamesema kweli.

Kwahiyo mpango wangu mimi uko hivi. Kama nia ni kuogelea na kuangalia samaki, chagua siku za maji mafu uwahi asubuhi. Kama nia ni kutembea kwenye mwamba kuona vitu kwa macho bila kulowa zaidi ya magoti, chagua bamvua, saa tatu uwe umeshafika uyafuate maji yakitoka. Huna haja ya programu yoyote kwenye simu japo zipo, angalia tu mwezi, au piga simu kwa mvuvi yeyote wa Mikindani atakwambia kichwani bila kufikiri.

Ile ya kutembea kwenye mwamba wengi wanaidharau na mimi ndo naipenda kuliko. Akina mama wa pale wanashuka wakati huohuo kuchokoa pweza, kanga imefungwa juu ya magoti, mkononi kijiti kirefu chenye chuma mbele, na kamba ya ukili kiunoni. Nilimsalimia bibi mmoja shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, nikamwomba nimfuate nyuma akasema njoo ila kanyaga ninapokanyaga. Nilikuwa naangalia mawe yote naona yanafanana. Yeye akasimama kwenye jiwe moja lililozungukwa na makombe ya kaa na chaza, kumbe hizo ndo taka za jikoni kwa pweza, akishakula anatupa mlangoni kwake, ndo zinamuumbua. Akaingiza kijiti taratibu, akakizungusha, akasubiri. Mkono mmoja wa pweza ukatoka ukajiviringisha kwenye chuma, akavuta kidogo, akaacha, akavuta, pweza mzima akatoka na maji ya wino, na kabla sijamaliza kusema aisee bibi alishakigeuza kichwa nje ndani na pweza ametulia, akamtunga kwenye kamba akasonga mbele. Pale penye jiwe akalirudisha kama lilivyokuwa. Nikamuuliza kwanini analirudisha, akasema, "Ukiliacha limelala, kesho nani atakaa?" Hakuna mwongoza watalii yeyote aliyenifundisha hifadhi kwa maneno machache kiasi hicho.

Viatu muhimu jamani, vya raba au hata yeboyebo zilizobana mguu, ndala hazifai zitabaki kwenye matope. Kuna wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi wanakaa kwenye vishimo, ukikanyaga utalala hospitali ya Ligula. Na viti vya pweza, wale wekundu wazuri wenye ncha tano, waacheni kwenye maji. Naona watu wanawatoa wanawapanga mchangani juani wapige nao picha, dakika chache tu kiumbe kinakufa. Konokono, makombe yenye mtu ndani, vipande vya matumbawe, hivyo vyote havibebwi, ni hifadhi. Ukikutwa navyo usiseme hukuambiwa.

Kwa kuogelea na miwani ni Ruvula, kule mwisho kabisa wa rasi, kilomita kadhaa mbele ya kijiji cha Msimbati. Kinachofanya Ruvula iwe tofauti ni kwamba mwamba uko karibu na nchi kavu, huhitaji boti, unaingia kwa miguu unaelea kidogo, mara chini kunakatika na bluu inakuwa ya kiza. Kwenye ule ukingo ndo samaki wote wako pale, pono wanatafuna matumbawe mpaka unasikia sauti, kweli unasikia, kama mtu anakula karanga karibu na sikio, changu, tasi, chewa mmoja mkubwa aliyekaa kwenye pango lake akatuangalia kwa dharau, taa amejifukia mchangani macho tu nje. Wataalamu walihesabu aina za matumbawe kwenye hifadhi hii zaidi ya 200 na samaki zaidi ya aina 400. Sababu mojawapo ni kwamba ule mkondo mkubwa wa bahari unaotoka Bahari ya Hindi kuelekea magharibi unagonga pwani ya Afrika maeneo haya ya kwetu afu unagawanyika, mwingine unapanda kaskazini kuelekea Mafia na Unguja, mwingine unashuka Msumbiji. Mayai na vifaranga vya matumbawe na samaki vinabebwa na huo mkondo. Yani vinavyozaliwa huku vinaenda kukulia kwa wengine pia, ndo maana ukisikia mtu anavua kwa baruti Mtwara usidhani hasara ni ya Mtwara peke yake.

Na baruti zilipigwa. Miaka ile ya nyuma ilikuwa kawaida kukaa ufukweni ukasikia mlio baharini, watu wala hawageuki. Kuna sehemu ukizama unaona wazi, matumbawe yamevunjika vipande vipande yamelala kama kifusi, na kuna sehemu yaliungua kwa joto la maji la 1998, hilo la El Niño. Ila pembeni ya kifusi unaona vichanga vyake vinaota tena, vidogo kama kiganja, vya zambarau na vya njano. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko penye uzima.

Tahadhari ya Ruvula, na hii naomba isomwe mara mbili: mkondo. Maji yakiwa yanatoka au yanaingia kwa kasi, pale kwenye mkono wa bahari kuna mvuto wa nguvu na haukuulizi unajua kuogelea kiasi gani. Ingia maji yakiwa yamesimama, ule muda mfupi kati ya kujaa na kuanza kutoka. Nahodha niliyempata, kijana wa palepale, tulifika tuna haraka zetu za mjini tukamwambia kaka twende basi, akakaa zake kwenye ubavu wa mashua anakula embe. "Hayajasimama hayo. Mkiingia sasa mimi nitawafuata Msumbiji." Tukakaa kivulini tukisubiri. Alipotema kokwa akasema haya, maji yalikuwa yametulia kabisa. Chukua mtu wa hapo. Mlipe vizuri. Laifu jaketi uliza kabla hujapanda chombo, na ikiwa haitoshi watu wote msipande wote, kuona aibu kuuliza hakuna maana. Miwani ya kupigia mbizi nenda na yako, kule usitegemee kuikuta ya kukodi, na kama unayo ya kuazima mjini ijaribu kwanza kwenye ndoo maana mpira ukishazeeka maji yanaingia.

Mikoko ya Ruvuma ni safari nyingine, hiyo ni kwa chombo na inahitaji siku yake na mtu anayejua njia, maji yakikutokea ndani ya vijito unakaa mpaka yarudi, na usubi watakufanya ujute kuzaliwa na ngozi. Ila kwa mpenda ndege pale ndo penyewe. Mimi si mpenda ndege sana, niliridhika na kaa.

Msimu. Mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili, njia inaharibika na maji ya mto yanachafua bahari upande wa kusini. Juni mpaka Agosti kusi inavuma, jua zuri, baridi ya jioni, ila bahari ina mawimbi na upepo unarusha mchanga kwenye chakula. Kati ya Septemba na Novemba ndo nzuri kuliko zote, upepo umelegea, maji maangavu, na bado nyangumi wanapita, wale wa nundu wanaokuja kuzaa huku kwenye maji ya moto tangu mwezi wa saba. Ukiwa na bahati unawaona hata ukiwa nchi kavu, moshi wa maji unaruka mbali afu mgongo. Ubaya wa miezi hiyo ni msimu wa korosho, kuanzia Oktoba mnada ukianza gesti za mjini zinajaa wanunuzi na madereva wa malori na bei inapanda. Weka nafasi mapema. Uzuri wake ni mabibo, yale matunda ya mkorosho, kila njia unayopita yananukia.

Chakula. Samaki ni wabichi kweli, wametoka majini asubuhi hiyo, ila shida ni muda. Banda moja tulilokula, silitaji, tuliagiza changu wa kuchoma na wali wa nazi tukasubiri mpaka watoto wakalala kwenye mkeka, nikienda jikoni naambiwa "moto unakuja". Kumbe samaki hakuwepo, kafuatwa kwa baiskeli. Alipokuja alikuwa mzuri, ngozi imekauka, ndimu, pilipili ya kusaga na kitunguu, siwezi kudanganya, tulimaliza mpaka kichwa. Ila fundisheni tumbo: agiza kabla hujaingia majini, lipa nusu, taja saa. Au fanya kama mimi sasa hivi, nanunua pweza kwa akina mama palepale wakipanda kutoka mwambani, nampa mama mwingine anayepika, ananitolea wa nazi na ugali, bei tunaelewana na hela inabaki kijijini. Madafu yapo, ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, ukiikuta inauzwa njiani nunua, ukiloweka vidole kwenye chumvi yake utasahau chipsi. Maji ya kunywa beba ya kutosha, na hela beba ya mkononi maana mawakala sio wengi na netiweki inacheza. Simu yangu ilipofika Ruvula ilipata mesej ya kunikaribisha Msumbiji, zima data yako usije ukashangaa salio limeenda wapi.

Kulala wengi tunarudi mjini. Wanaotaka hema wapite kwanza ofisi ya hifadhi na serikali ya kijiji waombe, wasijitundikie tu minazini. Nazi zinaanguka, halafu shamba ni la mtu. Neti lazima. Vyoo na maji ya kuogea usitegemee vya hotelini, nenda na ndoo yako na maji ya kujisuuzia kwenye gari.

Na mavazi. Msimbati ni kijiji cha pwani, watu waungwana, wengi Waislamu. Kuogelea na nguo ya kuogelea hakuna anayekukataza, ila ukipanda kijijini kutafuta soda jifunge kanga, vaa shati. Spika kubwa ziacheni nyumbani. Nilikuta kundi limekuja na spika ya matairi na jenereta, wavuvi wanatengeneza nyavu hatua chache tu kutoka pale wanaangaliana. Kuna historia ya mgeni kujiona mwenye pale, yule mzee wa Kiingereza Latham Leslie-Moore aliyekuwa anaishi Ruvula alifikia hatua ya kutaka Msimbati iwe nchi yake, ijitenge na Tanganyika. Wenyeji walimpita hivyohivyo na ngalawa zao.

Kwa familia yenye watoto wadogo nasema nendeni, siku za maji mafu, asubuhi, mkae upande wa kijijini ambako kina ni kifupi, Ruvula waachieni wanaojua kuogelea. Kwa wapenzi wanaotaka utulivu, katikati ya wiki, wikiendi na sikukuu panajaa. Kwa wazee ni safari ndefu na mchanga mzito wa kutembea, tafuta gari iwafikishe mpaka kivulini. Mwezi ukiandama wa bamvua wajipange siku hizo, na wa maji mafu wahesabu wiki moja mbele. Mwenye namba ya gari ya uhakika, foo wili ya kweli iliyojaribiwa mchangani na sio ya redio, aweke hapo chini tusaidiane.